Mabegi manne ya kofia za mama mkwe: kipi kitoke, kipi kibaki, na mashindano yana faida gani

Swali lenyewe limetoka kwa msomaji wa Mombasa, nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo Bi Mkubwa. Mama mkwe wangu alifariki mwaka jana Lamu na vitu vyake vyote vikaletwa kwetu, nasi tuko vyumba viwili na watoto watatu. Kuna sanduku la njumu, lile la mapambo ya shaba, leso (khanga) kama duka, mikeka, na mabegi manne ya kofia za kushona kwa mkono, zilizokwisha, zilizoishia nusu, bafta (kile kitambaa cheupe cha kofia), nyuzi, makaratasi ya michoro. Mume wangu asema libaki sanduku tu, vingine vitoke kabla ya Ramadhani. Binamu yake naye asema nichague kofia niingize kwenye mashindano ya kazi za mikono za zamani, kuna majaji. Mi sioni maana, zawadi yenyewe haifiki hata nauli na watu wasema majaji wanapendelea. Nitupe nini, niweke nini, na hayo mashindano yana faida gani hasa? Marehemu alinifundisha kushona ila sijawahi kumaliza hata moja."

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba, Mwenyezi Mungu amrehemu mama amtie peponi.

Nikujibu kwanza halafu nieleze. Yale mabegi manne yaache yalivyo mpaka umalize nyumba nzima, manake mtu akianza kupunguza vitu mkono huenda kwenye kile asichokijua, kwa sababu hakimuumi, afu ule mlundo wa ndoo zisizo na vifuniko unabaki palepale. Na mashindano nenda. Zawadi iache kando kabisa, wewe nenda kwa sababu una kofia ambazo hujui uziweke fungu gani, na pale kuna watu ambao kazi yao siku hiyo ni kuishika kofia, kuigeuza ndani nje, na kusema imekaa sawa wapi na imekosea wapi. Umeniuliza kama maswali mawili lakini mimi naona ni swali moja, yaani nani mwenye jicho la kuamua kitu hiki kina nini ndani yake.

Ila kabla hujatoa hata uzi mmoja kuna jambo hujalitaja. Vitu vya marehemu ni mirathi. Mumeo ana fungu lake na ndugu zake wana mafungu yao, dada zake pia, na kama mgao haujafanywa basi hilo sanduku na hizo leso bado si zenu za kuamua nyinyi wawili sebuleni. Mwambie mumeo awapigie simu ndugu zake, akae nao, kama kuna utata wamuulize sheikh ama kadhi, na wakikubaliana waandike hata kwenye kikaratasi nani kachukua nini. Nimeona familia zikinuniana kwa ajili ya kitu ambacho kama wangeulizana kisingechukua hata dakika kumi. Na utashangaa, huenda wifi yako mmoja anataka mikeka na mwingine anataka leso tu za kukumbukia, na hapo nusu ya mzigo umeshaondoka bila wewe kutupa chochote.

Sasa nyumba. Nafasi yako hailiwi na kofia, kofia kumi ukizipachika moja juu ya nyingine hazizidi sufuria moja. Kinachokula nafasi kwenye nyumba zetu kinajulikana, ni mikebe ya siagi na mabakuli ya aiskrimu tunayoyaosha na kuyapanga, ni chupa za maji, ni mifuko ya plastiki ambayo imepigwa marufuku tangu Agosti 2017 na bado kuna nyumba ina fuko limejaa mafuko, ni chaja za simu ambazo simu zenyewe hazipo, ni feni iliyoungua inayosubiri fundi, ni viatu vya mtoto ambaye sai anavaa saizi ya baba yake. Na lile kabati la vyombo vya wageni, kila nyumba ya pwani inalo, vikombe havijaguswa tangu harusi ya nani sijui. Anza jikoni kwa sababu jikoni hakuna machozi. Kila bakuli litafute kifuniko chake, lisilo na kifuniko litoke, kifuniko kisicho na bakuli kitoke, usijadiliane nacho. Vyombo vya wageni vianze kutumika ama upunguze vibaki vya watu kumi, manake hata huyo mgeni akija siku hizi anakunywa chai kwenye kikombe cha kawaida na hasemi kitu.

Ukitoka jikoni nenda mvunguni mwa vitanda, huko ndo siri za nyumba ziliko. Vya kutengenezwa vipe muda, mwambie fundi aje wiki hii, asipokuja ama akisema haifai mpe aichukue kwa spea, ataipokea kwa furaha. Sare za shule na nguo za watoto zigawe kwa majirani zikiwa safi, zimefuliwa na vifungo vipo, usimpe mtu tambara ukaita sadaka. Makaratasi ya shule weka vyeti na ripoti, madaftari yaende. Sitaki kukaa sana hapa kwa sababu hii kazi haihitaji mtaalamu, inahitaji tu siku mbili watoto wakiwa shule na mtu wa kukubebea, na kama kuna mtu anakwambia ufanye kidogo kidogo kila siku mi sikubaliani naye, nyumba ya vyumba viwili ukifanya kidogo kidogo vitu vinahama tu kona.

Binti yako atakuwa keshakuonyesha video za yule mama wa Kijapani, Marie Kondo, anasema shika kitu mkononi na kama hakikupi furaha kiache kiende. Kwa mabakuli na nguo njia ile inafaa sana na mimi naisifu. Kwa kazi ya mikono ya marehemu haifai, manake ukishika kofia iliyoshonwa nusu na mama mkwe wako hutapata furaha, utapata huzuni, na huzuni haikwambii kama hicho kitu kina thamani ama hakina. Hapo kipimo lazima kiwe kingine, nitakifikia.

Leso kwanza. Leso ni ya kuvaliwa, ukizilundika kabatini zinapata madoa ya manjano kwenye mikunjo na zinakatika hapohapo penye mkunjo. Zitandaze zote kitandani, tenga jozi ambazo hazijakatwa, tenga zile kuukuu sana. Angalia maandishi ya chini ya pindo, ukiona K.H.E. Mali ya Abdulla hiyo ni ya duka la Kaderdina Hajee Essak hapohapo Mombasa, lilianza 1887, na lipo kwa miaka mingi sana hivyo chapa peke yake haikwambii leso ni ya lini, lazima utazame na kitambaa na rangi. Ukibahatika kukuta jina, yaani yale maneno ya leso, limeandikwa kwa herufi za Kiarabu badala ya hizi za kizungu basi hiyo ni ya zamani kweli, usiikate, usiifue kwa sabuni kali, hiyo iende kwenye fungu la kuonyeshwa. Zilizobaki gawa. Wape waliomuuguza mama, wape waliomuosha, wape mawifi, na wewe vaa. Leso mbili tatu zenye majina aliyoyapenda zinatosha kumkumbuka.

Mikeka itoe nje juani, ikung'ute, iangalie kwenye maungio ya ukili, ule utepe uliosukwa. Iliyolika ukingo tu mtu anaweza kuishona, iliyooza katikati haina dawa. Angalia ukili wenyewe, upana wake ukiwa sawasawa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na rangi zimekutana vizuri pale ukili unapoungana na mwenzake, huo umesukwa na mkono unaojua, baki nao mmoja utandike, na mingine kama ni mingi msikiti wa mtaa ama chuo cha Kurani cha watoto watashukuru.

Sanduku. Mumeo ana haki kulitaka, ila mwambie asikubali haraka mnunuzi anayekuja na gari. Masanduku mengi ya njumu ya pwani yetu yaliletwa na majahazi kutoka India, Surat na Bombay huko, mengine yakaigwa na mafundi wa huku, na sheria ya Kenya ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi inahesabu kitu chochote cha kuhamishika, ukiacha vitabu na hati, kilichotengenezwa ama kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Kwa hiyo kama mtu anataka kulisafirisha na hakuulizi habari za kibali, hapo simama. Watu wa makumbusho ya Lamu na pale Fort Jesus wanaweza kulitazama. Na njumu usizisugue na dawa ya kung'arishia shaba kwa wingi, ile dawa inaingia kwenye mbao inaacha utando mweupe, kitambaa kikavu chatosha.

Halafu sikiliza, hili sanduku ndo litakusaidia na mumeo. Yeye kasema libaki sanduku tu. Sawa, mkubalie, libaki sanduku na kitakachoenea ndani yake. Mabegi manne yawe sanduku moja. Chochote cha kofia ambacho hakiingii humo kitoke, na wewe ndo uamue kipi, nawe hujavunja neno lake.

Haya sasa tufungue mabegi.

Bafta na nyuzi. Watu husema akiba haiozi, lakini bafta inaoza jamani, hasa Mombasa na ule unyevu wa masika. Chukua kila kipande ukivute kwa vidole viwili kila upande, kikilia na kuachia nyuzi kimekwisha, hata kama kinaonekana cheupe. Chenye ukungu mweusi usikiweke pamoja na vizima hata usiku mmoja. Nyuzi hivyohivyo, uvute uzi kidogo, ukikatika bila kubisha utupe, manake utashona kitobo, kile kitundu cha pambo kinachozungushiwa uzi, na kesho kinaachia. Hapa unaweza kupoteza begi zima na nusu na hutakuwa umepoteza kitu.

Makaratasi ya michoro usitupe hata moja. Hata lililochanika, hata lenye doa la mafuta. Mchoro wa kofia ni hesabu, yaani mtu amepanga maua ama nyota ngapi zizunguke pembeni na zikutane sawa pale kitambaa kinapoungana, na duara la juu nalo lilingane na ukubwa wa kichwa, ukikosea kidogo ua la mwisho linakuwa nusu. Marehemu alikuwa na hesabu hiyo kichwani na hayo makaratasi ndo yaliyobaki. Yapige picha na simu leo, moja moja, penye mwanga, afu yalaze bapa chini kabisa ya sanduku ndani ya kitambaa safi.

Kofia zilizokwisha. Hizi ndo kila mtu anazithamini na kwa kweli ndo rahisi kuamua. Mume achukue mbili tatu za kuvaa Ijumaa na Idi, wanawe wapewe kila mmoja yake hata kama bado kubwa, ndugu zake wapewe. Zile zilizopauka na kuchakaa za marehemu baba mkwe weka moja kama ilivyo. Za kuweka muda mrefu zitoe kanji kwanza, zifue kwa maji matupu, zikauke kivulini, zisiwekwe na kanji ndani manake wadudu wanaipenda ile kanji kuliko kitambaa.

Na zile za nusu. Najua hizi ndo mumeo anaziona takataka zaidi na pengine hata wewe, mwanangu hizi ndo zinatakiwa kutoka mwisho kuliko vyote. Kofia iliyokwisha imejificha. Tabaka mbili za kitambaa zimeshashikana, mshono wa kuungia umezama ndani, huwezi kujua fundi alianza wapi. Ile ya nusu inakuonyesha yote, mchoro wa penseli bado uko upande ambao haujashonwa, unaona alitoboa vitobo vingapi kabla ya kuanza kuvizungushia uzi, unaona anaingiaje kona, unaona alikuwa anaficha wapi fundo. Mtu anayetaka kujifunza akipewa kofia kumi nzuri zilizokwisha na moja ya nusu, atajifunza kwa ile ya nusu. Kwa hiyo kipimo nilichokuahidi ni hiki, kwa kila kitu cha kazi ya mikono jiulize kama kuna mtu anaweza kujifunza kwacho jambo ambalo hawezi kulipata kwingine. Kama lipo kibaki. Kama ni cha ishirini kinachofanana na kumi na tisa vingine, kigawe na roho yako itulie.

Tatizo ni kwamba hiki kipimo kinahitaji jicho, na jicho hilo wewe bado hujawa nalo kikamilifu, unasema mwenyewe hujamaliza hata moja. Sasa hapo ndo mashindano yanapoingia.

Mashindano ya pwani watu wanayajua zaidi kwa kelele zake. Tamasha la Utamaduni la Lamu limekuwepo tangu mwanzo wa miaka ya 2000, wakati uleule mji mkongwe ulipoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2001, na ukimuuliza mtu atakutajia mbio za majahazi na za punda. Jahazi na punda mshindi anaonekana na kila mtu aliyesimama ufukweni, kuna mwisho, anayefika mbele kashinda. Hina, mashairi, kofia, mikeka, hakuna kamba ya mwisho, kuna macho ya watu watatu ama wanne na vidole vyao, na ndo maana maneno ya upendeleo hayakosi. Mimi nimekaa kwenye meza ya majaji na nimesimama upande wa pili nikisubiri kuitwa, na nakwambia upendeleo upo baadhi ya mahali, sikatai. Lakini una dawa. Kazi ziingizwe kwa namba bila jina. Vigezo vitolewe mapema. Jaji ambaye mwanawe ama mwanafunzi wake ameingia akae pembeni kwenye kundi hilo. Na kila aliyeingiza kazi apate karatasi ya maoni, si mshindi peke yake. Ukiona mashindano hayana hata moja kati ya haya, usiende. Yakiwa na hiyo karatasi ya maoni tu, nenda hata kama mengine yanalegalega.

Manake ile karatasi ndo zawadi yenyewe. Fikiria jinsi kazi hizi zinavyohukumiwa siku zote. Mteja anauliza bei, anasema punguza, anachukua ama anaacha. Jirani anasema mashallah imependeza. Mtalii anasema nzuri sana na hajui anashika nini. Hakuna anayekwambia kwamba vitobo vyako vya upande wa kulia ni vikubwa kuliko vya kushoto kwa sababu unachoka ukifika huko, kwamba uzi umeuvuta mno ndo maana pembeni panapinda, kwamba duara la juu limekaa vizuri lakini pale linapoungana na pembeni umekaza kwa haraka. Zamani hayo ulikuwa unaambiwa na bibi ama mama mkwe aliyekaa pembeni yako kwenye jamvi, tena bila kubembelezwa, na wewe wako keshatangulia mbele ya haki. Jaji mzuri kwa nusu saa anafanya kazi ya yule bibi.

Unajua majaji wanatazama nini? Kofia wanaigeuza ndani kwanza kabla ya nje. Nje kila mtu anajitahidi. Ndani ndo utajua kama nyuzi zimefungwa ama zimeachwa, kama mtu alirudi nyuma kufumua ama aliendelea na kosa. Wanatazama mduara kwa kuiweka juu ya meza na kushuka macho usawa wake. Wanatazama pale mchoro unapoanza na unapoishia. Wanatafuta kama kuna sehemu ya mashine iliyofichwa, manake siku hizi kofia za mashine zimejaa sokoni na bei yake ni ndogo, na mshono wa mashine unajitangaza, unarudia umbali uleule bila kupumzika wakati mkono wa mtu hata uwe hodari vipi una pumzi yake. Na kwenye kundi la kazi za zamani, ambalo ndo hilo binamu anakwambia, wanauliza jambo moja zaidi, hii umeifuata kutoka wapi? Hapo watu wengi wanakosa jibu, wanasema ndivyo tulivyokuta.

Kwa hili wenzetu wa nchi nyingine wana utaratibu ambao ningependa sana tuuchukue. Marekani kuna chama kinaitwa Society for Creative Anachronism, kilianza Berkeley huko California mwaka 1966, watu wa kawaida tu, waalimu, mafundi, wazazi wa nyumbani, wanajifunza kushona na kufua vyuma na kupika kama ilivyokuwa kabla ya karne ya 17, na wakiingiza kazi kwenye mashindano yao mara nyingi wanaambatanisha maelezo, nimetumia kitambaa hiki, zamani walitumia kile, nimeona mfano wake mahali fulani, hapa nimebadilisha kwa sababu hii. Jaji anahukumu kazi na maelezo pamoja. Na Ufaransa wana Meilleur Ouvrier de France, tangu 1924, ambapo mafundi wa fani moja hawashindanishwi wao kwa wao, wanapimwa na kiwango. Wakifika watatu wanapewa watatu, asipofika mtu hapewi mtu. Hiyo ya pili naipenda zaidi kwa kazi za mikono. Ukiweka nafasi ya kwanza ya pili ya tatu watu wanamtazama mshindi, mwaka unaofuata kila mtu kashona ule mchoro ulioshinda, na michoro mingine inaanza kusahaulika kwa sababu ya mashindano yaliyowekwa kuihifadhi. Hilo limenisumbua sana na bado linanisumbua, na waandaaji wakinisoma hapa nawaomba walifikirie, wekeni alama kwa mchoro ambao haujaonekana miaka ya karibuni.

Wewe sasa ufanye nini. Kwanza, kofia ya marehemu usiiingize kwa jina lako. Najua binamu hakumaanisha hivyo lakini nalisema. Kama mashindano yana sehemu ya maonyesho bila kushindana, iweke pale kwa jina la mama, na kama hakuna waulize waandaaji wakuwekee, wengi watakubali. Chagua moja iliyokwisha, moja ya nusu, na mchoro wake wa karatasi ukiupata, viende vitatu pamoja. Nakuhakikishia watu watasimama kwenye hiyo meza kuliko kwenye ya mshindi, na wazee watakuja kukwambia mambo, mchoro huu unaitwaje, aliufundishwa na nani, nani mwingine anaushona. Uende na daftari. Hayo watakayokwambia ndo yatakayokusaidia kuamua zile nyingine zilizobaki nyumbani, na hakuna mtu mwingine angeweza kukuamulia, mimi mwenyewe siwezi kwa maneno ya barua bila kuzishika.

Pili, kila kitu kitakachoingia kwenye sanduku kishonee kipande kidogo cha bafta chenye maelezo, usitumie pini wala gundi, pini inashika kutu. Andika kwa penseli, si kwa kalamu ya wino. Nani kashona, wapi, lini kama unajua, kwa ajili ya nani, kama ni ya nusu aliacha wapi. Usipojua andika unachojua tu. Kitu chenye karatasi yake hata mjukuu hatakitupa kwa kutokujua. Weka na kafuri kidogo, isiguse kitambaa, na kila baada ya masika fungua sanduku upunge hewa.

Kuhusu nauli na ada ya kuingia, ni kweli, kama unakwenda kwa ajili ya hela utapata hasara. Ila ukishapata maoni ya majaji mkononi bei yako nayo inabadilika, mteja akikwambia ghali unamwonyesha mduara, unamgeuzia ndani, unajua unachouza. Kofia ya mkono inachukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, na huku watu wanaiuza kwa kuiangalia bei ya ile ya mashine iliyotundikwa jirani. Na usisahau kwamba kofia hizihizi ndo Waoman wanavaa na kuziita kumma, mnunuzi anayejua yupo, ila anataka kazi safi.

Mumeo usimpe hotuba. Mwonyeshe jikoni ilivyokwisha, mvunguni mweupe, mabegi manne yamekuwa sanduku moja linalofunga bila kukaliwa, kabla ya Ramadhani kama alivyotaka. Mwanamume aliyefiwa na mama yake mara nyingi anasema vitoke kwa sababu hawezi kuviangalia, usimhesabie kuwa hajali.

Na ile yako uliyoianza chini ya mkono wa marehemu, hiyo usiiingize sanduku. Iweke kwenye kikapu karibu na unapokaa jioni. Usifumue sehemu aliyokurekebishia yeye hata kama sai unaona ungefanya vizuri zaidi, endelea kuanzia hapo, na ukifika mahali hujui ufanyeje fungua ile ya nusu ya kwake uone yeye alipitaje. Mwaka huu usikimbizane na tarehe, enda ukaangalie tu na kazi za mama. Mwakani ingiza ya kwako kwa jina lako, kundi la wanaoanza, na kwenye maelezo uandike wazi kwamba vitobo vya safu ya kwanza vilirekebishwa na mama mkwe wako. Ukipata karatasi ya majaji nitumie picha yake, pamoja na picha ya kofia upande wa ndani.